Eksirei ya Mguu wa Punda wa Kazi: Jinsi ya Kuipiga na Kuisoma

Punda akiletwa kwako akichechemea, mwenyewe atakwambia, "Daktari, ameanza jana." Hasemi uongo. Jana ndipo alipoona. Punda huficha maumivu kuliko wanyama wengi tunaowatibu. Anaweza kuvuta mkokoteni wa maji siku kadhaa huku mfupa una ufa, akifupisha hatua kidogo, akiinamisha kichwa, akiacha nusu ya majani yake, na asiyemjua asione kitu. Siku anayogoma kuondoka hata kwa fimbo ndiyo siku anayoitwa daktari.

Kumbuka hilo kila unaposhika picha ya eksirei. Utaona mfupa, lakini unachotafuta hasa ni umri wa tatizo. Mfupa hubadilika polepole. Madini yake lazima yapungue kwa karibu theluthi moja au zaidi kabla ya upungufu huo kuonekana pichani, na usaha ulioingia mfupani leo hautaacha alama ya wazi kabla ya siku kumi hadi kumi na nne. Kwa hiyo picha safi ya siku ya pili haisemi kwamba mguu ni mzima. Na picha yenye mfupa mpya uliojikusanya kama povu gumu, kwa punda "aliyeanza jana", inasema jana hiyo ilikuwa mwezi uliopita.

Mwongozo huu nimemwandikia daktari wa mifugo aliyezoea ng'ombe na mbuzi, ambaye sasa analetewa punda wa mchanga, wa maji, wa kuni na wa sokoni, na ambaye amepata mashine ndogo ya kubebeka au yuko karibu na chuo cha tiba ya wanyama kama Kabete, Morogoro au Makerere. Mwenye punda naye asome, maana sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla mashine haijawashwa.

Mkono hutangulia mashine

Mtazame punda kabla hajavuliwa shogi au kufunguliwa mkokoteni. Mguu wa nyuma akiupumzisha kwa zamu, huo ni usingizi wake. Mguu wa mbele akiutanguliza na kuuegesha bila uzito, hayo ni maumivu. Mwambie mwenyewe amtembeze, kwanza kwenye ardhi ngumu, kisha kwenye mchanga. Kichwa hupanda mguu mbaya wa mbele unapogusa chini na hushuka ule mzima unapokanyaga. Lakini miguu yote miwili ya mbele ikiuma sawasawa, kichwa hakipandi wala hakishuki. Utaona mnyama anayetembea kwa hatua fupi kama aliyekanyaga makaa, na watu watakwambia ni mvivu. Punda wengi wenye ugonjwa wa ndani ya kwato hupita mikononi mwa watu kwa jina hilo la uvivu.

Kisha shika. Anzia mguu unaoamini ni mzima ili mkono wako ujue joto na umbo la kawaida. Sikiliza kwa vidole mpigo wa mshipa pande za kifundo. Ukipiga kwa nguvu mguu mmoja na kwa ulegevu mwingine, tatizo liko chini ya vidole vyako. Chokoa unyayo mpaka uwe safi, ubane kwa koleo la kupimia ukwato, papo kwa papo, ukitazama sikio na bega la mnyama badala ya kungoja ajirushe. Punda hatajirusha. Atakaza tu msuli.

Jipu la ndani ya ukwato ndilo huchechemesha punda ghafla na kwa ukali zaidi, na mara nyingi halihitaji eksirei. Ukipata tundu jeusi kwenye unyayo, lifuate kwa kisu cha kwato, usaha utoke, osha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, funga. Akipata nafuu kubwa ndani ya siku mbili tatu, fedha ya picha imebaki mfukoni mwa mwenyewe. Asipopata, au tundu likiendelea kutoa maji baada ya wiki, hapo picha ina haki yake.

Msumari ni habari nyingine. Punda akija na msumari au kipande cha chuma ndani ya unyayo, na mashine iko karibu, piga picha kabla ya kuung'oa, mguu ukiwa umeinuliwa ili usizidi kuzama. Picha mbili, ya ubavuni na ya mbele, zitakuonyesha umefika wapi: kwenye nyama tu, kwenye mfupa wa ukwato, au kwenye kile kimfupa kidogo cha nyuma yake kiitwacho navikula, ambako kuna kiungo na kifuko cha ute. Niliwahi kung'oa msumari kwanza kwa huruma, tundu likajifunga mbele ya macho yangu, nikakaa wiki tatu na swali ambalo ningelijibu kwa dakika tano. Mashine ikiwa mbali, ng'oa, lakini kabla ya hapo piga picha kwa simu, andika msumari uliingia wapi na kwa mwelekeo gani, na upime urefu uliokuwa ndani.

Kama hujui maumivu yako wapi, sindano ya ganzi itakuonyesha. Anzia chini kabisa, juu kidogo ya ukwato, upande kwa upande, ukingoja na kumtembeza kila baada ya sindano. Mahali anapoacha kuchechemea ndipo utakapopiga picha. Ila unaposhuku mfupa umepasuka, usimtie ganzi. Maumivu ndiyo yanayomzuia kuuegemea mguu huo, na ukiyaondoa ataukanyaga kwa uzito wote na ufa utakuwa vipande.

Baada ya hayo andika swali lako kwenye karatasi, kwa sentensi moja. "Je, mfupa wa ukwato umegeuka ndani ya ukwato?" "Je, chini ya kidonda hiki cha kamba kuna mfupa mfu?" Anayepiga picha bila swali hupiga nyingi, hupigwa na mionzi mingi, na bado hukosa ile aliyoihitaji.

Mionzi na watu waliokusanyika

Mashine ikishushwa sokoni au uani, watu hujaa, na watoto hutangulia. Zungusha kamba, na asibaki ndani yake yeyote asiye na kazi. Aliye chini ya miaka 18 hashiki hatamu, mwanamke mjamzito hakaribii kabisa, na hili uliulize kwa staha kabla ya kuanza, maana si kila mtu atajitokeza kusema mbele ya umati.

Umbali ndio kinga ya bei nafuu kuliko zote. Ukisimama mita mbili kutoka palipo na mionzi badala ya mita moja, unachopata ni robo, si nusu. Aproni ya risasi hukinga mionzi inayotawanyika kutoka kwa mnyama. Haikingi ule mwale wenyewe, kwa hiyo vaa aproni na bado usisimame mbele ya mashine. Bamba la kupokelea picha lishikwe kwa kishikio chenye mpini mrefu au liegemezwe kwenye stendi ya mbao, ambayo fundi seremala yeyote atakutengenezea. Mkono wa mtu usionekane pichani, hata ukiwa ndani ya glovu. Nimeona picha nyingi za miguu ya punda zenye vidole vya binadamu pembeni, na kila moja ni kosa ambalo mwenye vidole hakuambiwa.

Mashine hizi zina sheria hata zikitumika kwa wanyama. Kenya zinasimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, KNRA, na Tanzania na Tume ya Nguvu za Atomu, TAEC. Mashine iliyotolewa msaada bila leseni wala kipimo cha mionzi kwa wafanyakazi isiwashwe mpaka vyote viwili vipatikane.

Kumsimamisha

Punda huishi kwa urafiki. Akitengwa na mwenzake wa mkokoteni, atapaparika, na picha itatoka na ukungu. Mlete mwenzake asimame karibu, umbali wa pua kwa pua, nje ya njia ya mwale. Mara nyingi hiyo ni bora kuliko dawa. Ikibidi kumtuliza kwa sindano, usichukue kipimo cha farasi na kukikata kwa uzito tu. Punda huvunja dawa kadhaa mwilini kwa kasi tofauti na farasi, na kipimo chake kiwe cha punda. Mpime kwa utepe wa kifuani ulioandaliwa kwa punda, maana jicho hukosea. Wengi wa huku kwetu wako kati ya kilo 100 na 200.

Osha mguu, kausha. Tope huonekana. Kokoto moja iliyokwama kwenye mfereji wa unyayo hutoka nyeupe kama kipande cha mfupa, na nywele zilizolowa hutia michirizi. Udongo mwekundu wa Limuru ukikaukia kwenye mguu wa punda wa maji utakufanya uone magonjwa yasiyokuwepo.

Kisha vigogo. Mashine haiwezi kushuka mpaka chini, kwa hiyo punda asiposimama juu ya kitu, mwale utapita juu ya ukwato na utapata picha ya kifundo. Chukua vipande viwili vya mbao ngumu vya kimo kimoja, sentimita nane hadi kumi, na usimamishe mguu mbaya juu ya kimoja na mwenzake juu ya kingine. Ukiinua mguu mmoja tu, uzito utahamia upande mwingine na viungo vitakaa visivyo. Muundi, yaani ule mfupa mrefu kati ya goti na kifundo, uwe wima ukiutazama kutoka mbele na kutoka ubavuni.

Bado kuna kazi ndogo yenye faida kubwa. Kata kipande cha waya mnyoofu, sentimita tano kamili, kibandike kwa plasta mbele ya ukwato, ncha ya juu ikianzia pale nywele zinapokoma na ukwato unapoanza. Pichani waya huo utakuonyesha uso wa ukwato uko wapi, na kwa kuwa unajua urefu wake, utajua picha imekuza kiasi gani. Bila waya huo, vipimo vya ugonjwa wa ndani ya ukwato ni kubahatisha.

Picha zipi

Picha moja haitoshi kamwe. Ufa unaopita kutoka mbele kwenda nyuma hauonekani ubavuni, na ulio ubavuni hauonekani mbele. Kwa ukwato, anza na ya ubavuni, mwale ukiwa mlalo kabisa na ukilenga chini, karibu na unyayo, kisha ya mbele, mnyama akiwa amekanyaga. Unaposhuku ufa au usaha kwenye mfupa wa ukwato wenyewe, ongeza ile ambayo mwale unashuka kutoka juu mbele kwa pembe ya digrii 60 hivi. Hii ndiyo inayoonyesha kingo za mfupa. Lakini mifereji ya unyayo lazima ijazwe kwa kitu laini, hata sabuni ya kipande iliyopondwa, isibaki na hewa. Hewa ile huchora mistari myeusi inayopita juu ya mfupa, na mganga mgeni huapa kwamba ni mfupa uliovunjika. Ukikuta mstari wa namna hiyo, ufuate kwa kidole: ukiendelea kupita nje ya mpaka wa mfupa, si ufa.

Kwa muundi na kifundo, piga nne: ubavuni, mbele, na mbili za mshazari wa digrii 45, moja kila upande. Vile vimifupa vyembamba vya pembeni mwa muundi, pamoja na viwili vidogo vya nyuma ya kifundo viitwavyo sesamoidi, havionekani vizuri ila kwa mshazari. Weka herufi ya chuma kuonyesha mguu wa kulia au kushoto, wa mbele au wa nyuma, upande wa nje wa mguu kila mara. Kisha piga mguu wa pili kwa namna ileile. Punda mwenyewe ndiye kitabu chako cha rejea, na ukurasa wa kulinganisha uko umbali wa hatua moja.

Punda si farasi mdogo

Vitabu vingi vya eksirei vimeandikwa kwa farasi. Anayevisoma na kuvileta vilevile kwa punda atatoa hukumu mbaya, na hukumu mbaya hapa inaweza kumwua mnyama mzima.

Ukwato wa punda umesimama wima zaidi na ni mwembamba, na mfupa uliomo ndani hukaa chini zaidi kuliko wa farasi. Kwa farasi, ncha ya juu ya mfupa wa ukwato hukaribia ule mpaka wa nywele. Kwa punda mzima ncha hiyo iko chini yake kwa umbali unaoonekana wazi. Aliyesomea farasi akiona hivyo husema mfupa umezama, jambo ambalo kwa farasi ni dalili nzito. Kwa punda ni maumbile. Linganisha na mguu mwingine, na ikiwezekana na punda mzima wa rika lake, kabla ya kulitamka neno "umezama".

Kuna mitego mingine. Tundu dogo la mshipa kwenye muundi hutoka kama ufa mfupi. Kibonde kidogo katika ncha ya mbele ya mfupa wa ukwato ni cha kawaida. Kwa punda mchanga utaona mstari mweusi ulionyooka karibu na mwisho wa mfupa. Hapo ndipo mfupa unapokulia. Ule ulio juu kidogo ya goti hubaki wazi hata baada ya miaka miwili, na nakuomba ukiuona umwonyeshe mwenye punda. Punda wengi hutiwa kazini mapema mno, na mzazi aliyewahi kumkataza mwanawe kubeba ndoo nzito ataelewa mstari ule bila hotuba.

Soma kila picha kwa mpangilio uleule. Nyama kwanza: mguu umevimba wapi, kuna hewa pasipotakiwa? Kisha ukingo wa kila mfupa, ukiufuata kama mtu anayefuata ufuo. Kisha nafasi za viungo. Mwisho ndani ya mfupa. Jicho hukimbilia jambo la kwanza la kutisha na kusahau la pili, na mpangilio ndio unaolirudisha.

Mfupa unaogeuka ndani ya ukwato

Huu ndio ugonjwa ninaoomba uupe muda wako mwingi. Nyuzi laini zinazoushika mfupa wa ukwato kwenye ukuta wa ukwato huvimba, hulegea, na mfupa huanza kuachia. Huletwa na pumba na nafaka nyingi kwa ghafla, na majani teke baada ya mvua kwa punda aliyenenepa, na kondo la nyuma lililobaki tumboni baada ya kuzaa, na mguu mmoja kubebeshwa uzito wa mwenzake mgonjwa kwa wiki nyingi. Punda huweza kuwa nao miezi mingi kabla ya mtu kushtuka.

Kwenye picha ya ubavuni, tazama waya wako na uso wa mbele wa mfupa. Mistari hiyo miwili iende sambamba, kama kuta za uchochoro, upana wa juu sawa na wa chini. Ukiwa mpana zaidi chini, ncha ya mfupa imegeuka kuelekea unyayo. Ukipanuka juu na chini kwa pamoja kuliko mguu mwingine, ukuta umevimba au mfupa wote umeshuka. Kisha pima kati ya ncha ya mfupa na unyayo: palipokonda sana, ncha iko karibu kutoboa.

Sasa tafuta umri. Mstari mweusi wa hewa kati ya mfupa na ukuta unaonyesha kwamba nyuzi zimekwisha kuachana. Ncha ya mfupa iliyobenuka juu kama pua ya jahazi, au iliyoliwa ikawa na meno meno, ni kazi ya miezi. Mganga akiona ncha kali na safi pamoja na kugeuka kidogo, ana nafasi nzuri: punda apumzike kwenye mchanga mwingi au matandazo mazito, alishwe majani makavu bila nafaka, na kwato zichongwe kidogo kidogo kila baada ya wiki chache kwa kufuata picha. Ncha ikiwa imeliwa nusu, bado unaweza kumpa nafuu, ila usimwahidi mwenyewe kwamba atarudi kwenye mkokoteni.

Na hapa niseme jambo lisiloonekana pichani. Punda anayeacha kula kwa maumivu humwaga mafuta yake mwenyewe kwenye damu, na mafuta hayo huweza kumwua ndani ya siku chache, mguu ukiwa ungali unatibiwa. Mpe dawa ya maumivu ya kutosha, ukikumbuka kwamba fenilbutazoni hutoka mwilini mwake haraka kuliko mwilini mwa farasi, na uulize kila asubuhi amekula nini.

Kovu la kamba

Punda wetu wengi hufungwa mguu. Kamba ya nailoni huingia taratibu, hukata ngozi, na chini ya ngozi ya muundi hakuna nyama ya kulinda mfupa; kuna kano na mfupa. Kidonda hukauka juu, kisha baada ya wiki chache kinafunguka tena na kutoa usaha, kinafungwa, kinafunguka. Mwenyewe ametumia kila unga na kila mafuta. Ukiona kidonda cha namna hii juu ya muundi, usiandike dawa nyingine kabla ya picha.

Unachotafuta ni kipande chembamba cheupe, kilichojitenga na ukingo wa mfupa, kikizungukwa na ukanda mweusi. Ni ganda la mfupa lililokosa damu likafa. Mara nyingi mwili hauwezi kuliyeyusha wala kulitoa, na antibiotiki haifiki mahali pasipo na damu. Kwa kawaida haliwi wazi pichani kabla ya wiki mbili tatu tangu kuumia. Ukipiga mapema utaona uvimbe tu, na utadanganyika. Piga mishazari yote miwili, maana kipande hicho hupenda kujificha nyuma ya ukingo wa mfupa mzima. Likithibitika, dawa yake ni kisu: litolewe, pasafishwe, na kidonda kilichosumbua miezi kwa kawaida hujifunga. Katika kazi hii yote sijui picha nyingine inayogeuza matibabu kwa kiasi kile.

Usaha ukiwa umeingia kwenye kiungo cha kifundo, hali ni tofauti. Siku za mwanzo picha huonyesha uvimbe tu, na majibu yako kwenye ute wa kiungo utakaouvuta kwa sindano. Ukingoja mfupa uanze kuliwa ndipo uamini, kiungo kimekwisha kwenda.

Mfupa uliovunjika

Lamu, ambako shirika la The Donkey Sanctuary lilifungua kliniki mwaka 1987, punda hupita na mawe na saruji kwenye vichochoro ambamo mtu na mnyama hupeana nafasi kwa bega. Kwingineko huvuta mikokoteni kando ya malori. Kuvunjika kupo. Kabla ya picha, funga mguu kwa banzi: pamba nyingi, bendeji iliyokazwa, na mbao mbili, moja nyuma na moja ubavuni, kuanzia ukwatoni hadi juu ya kiungo kilicho juu ya palipovunjika. Eksirei hupita kwenye pamba na mbao; kwenye chuma haipiti.

Uzito mdogo humpa punda nafasi ambayo farasi mkubwa hana. Ufa usioachana kwenye mfupa wa chini ya kifundo, au kuvunjika kwa kimfupa cha pembeni, huweza kupona kwa plasta na mapumziko. Muundi uliovunjika vipande na kutoka nje ya ngozi, uliokaa siku mbili kwenye vumbi, hauna njia ya huruma ila moja, na picha haihitajiki ili kuijua. Mwite mwenyewe pembeni, mweleze, na kazi hiyo ifanywe siku hiyohiyo kwa dawa, na daktari. Mara nyingi mwenyewe hulia. Punda huyo alikuwa karo ya shule.

Viungo vilivyozeeka ni vingi na havihitaji maneno mengi: nafasi ya kiungo imekonda, kingo zimeota miiba, mfupa umekuwa mweupe kuliko kawaida. Linganisha na maumivu uliyoyapata kwa mkono, maana punda mzee huwa na miiba asiyoisikia. Usiitibu picha. Mtibu yule aliyesimama mbele yako.

Sababu ya kuhangaika hivi imeongezeka siku hizi. Biashara ya ngozi ilimaliza punda wengi, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Aliyepoteza punda wake hampati mwingine kirahisi wala kwa bei ya zamani, na mguu ulioharibika ni mzigo wa nyumba nzima.

Siku ya kumi na nne

Picha ikitoka safi na punda bado anachechemea, usimrudishe kazini. Apumzike, na umpe mwenyewe tarehe ya siku kumi hadi kumi na nne baadaye, iandikwe kwenye kadi yake au kwenye simu. Ufa mwembamba ambao leo hauonekani utapanuka kidogo kwa sababu mwili husafisha kingo zake kabla ya kuziunganisha, na siku hiyo utauona. Piga kwa namna ileile: kimo kilekile cha mbao, umbali uleule, pembe ileile, la sivyo utalinganisha picha mbili za miguu miwili tofauti. Andika kipimo cha mashine ulichotumia pembeni mwa jina la punda.

Ukitaka kumtumia mwenzako aliyebobea, tuma faili lenyewe. Ukilazimika kupiga kioo kwa simu, zima taa, funga dirisha, simama sawasawa mbele ya kioo, na utume pamoja na swali lako la sentensi moja, umri wa punda kwa meno yake, kazi anayofanya, na siku mwenyewe alipoona anachechemea. Karibu na siku hiyo andika pia umri ambao mfupa wenyewe unauonyesha. Kisha rudi kwa mwenyewe umwulize taratibu, bila kumlaumu, punda alianza lini kubakiza majani.